Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu tumeusikia tangu utotoni, na wengi wetu tumeudhania kuwa wahusu wenye maduka peke yao. Safari yetu ya hivi karibuni kule Busawe, katika Mkoa wa Mara, imetufunza kwamba wahusu pia maisha ya watu na historia ya taifa zima.

Tulikuwa tumekwenda Busawe kwa shughuli za Chama, na ajenda kubwa ya mkutano ilikuwa kuwahimiza wakulima wajiunge katika vyama vya ushirika. Mkutano ulipofungwa, mzee mmoja mwenye umri mkubwa alituomba tupite nyumbani kwake. Tulipokwisha kuketi hakutuuliza habari za barabara wala za mbolea. Alituuliza jambo moja tu: "Wanangu, leo mmetuhimiza tuingie ushirika. Vema. Lakini ule ushirika wa kwanza uliishia wapi, na hisa ya marehemu baba yangu nitaidai kwa nani?"

Kisha akamwagiza mjukuu wake alete kisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi chache za pamba, wino umefifia na pembe zimeliwa na mchwa. Juu yake uliweza bado kusoma maneno mawili ambayo kila mkulima wa pamba ayajua: safi na fifi.

"Tata, karatasi hizi umezitunza kwa nini miaka yote hii?" tukamwuliza.

"Kwa sababu baba alinambia kwamba mkulima asiye na karatasi hana shahidi," akajibu.

Katika mazungumzo hayo jina moja lilirudi mara kwa mara, nalo ni jina la Paul Bomani. Mzee alilitaja kama mtu atajavyo mvua ya mwaka wa neema. Vijana waliokuwa wakitusikiliza walilijua jina hilo kwa mbali tu. Mmoja alidhani ni jina la barabara. Hapo ndipo tulipoona kuwa hatuna budi kuandika makala haya, kwa ajili ya wasomaji wetu wa bara, kwa ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya Ziwa Victoria, na kwa watumishi wa Serikali ambao mikononi mwao zimo funguo za makabati na maghala ya majalada.

Swali letu ni hili: je, maisha ya mtu wa uchumi huchunguzwa namna gani? Na pili: je, sisi watu wa Ziwa tunavitunza vitu ambavyo kwavyo uchunguzi huo waweza kufanyika?

MTOTO WA MUSOMA

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Baba yake alikuwa mhubiri wa madhehebu ya Waadventista Wasabato, na yeye mwenyewe alipata elimu yake katika shule ya madhehebu hayo huko Ikizu, mahali ambapo mtu wa Serengeti hupapita akielekea ziwani. Baada ya masomo alifanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akahamia Mwanza. Huko, mwaka 1947, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mji huo.

Hakuwa mchumi wa kukaa chuoni na kuchora mistari ya bei ubaoni. Uchumi aliujifunza sokoni, mbele ya mizani. Siku zile pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi na wenye vinu vya kuchambulia. Malalamiko makubwa ya wakulima yalikuwa kwamba mizani hailingani na jasho: mzigo uliobebwa kichwani kwa maili nyingi ulionekana kupungua uzito mara tu ulipofika mbele ya mnunuzi. Mkulima hakujua kusoma mizani, na aliyejua kuisoma ndiye aliyekuwa akinunua.

Chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, ambacho Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kilianza na jambo dogo lililo wazi kwa kila mtu, yaani mkulima awe na mpimaji wake mwenyewe. Hakikuanza kwa kudai kiwanda wala kwa kudai bei. Kilidai mizani ya haki. Kutoka katika mizani hiyo ndipo vilipochipua vyama vya msingi vijijini. Kutoka katika vyama vya msingi vikatoka vyama vikuu. Na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana na kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Bomani akiwa Meneja Mkuu. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda Uganda kutazama ushirika wa huko, na mwaka 1953 hadi 1954 alisoma katika chuo cha ushirika cha Loughborough, Uingereza.

Shirikisho hilo lilikua likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Lilimiliki vinu vyake lenyewe, kuanzia kile cha Kasamwa, upande wa Geita. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 biashara ya kununua pamba ya Jimbo lote, Ukerewe na Musoma zikiwemo, ilikuwa mikononi mwa wakulima wenyewe. Hili lilitendeka chini ya ukoloni, tena wakati ambapo Serikali ya kikoloni ilikikatalia Chama cha TANU kuandikishwa katika nchi ya Wasukuma, kuanzia 1954 hadi 1958. Katika miaka hiyo ya kunyimwa chama cha siasa, mkutano wa ushirika ulikuwa shule ya siasa pia, maana hapo mkulima alijifunza kuchagua, kuuliza na kudai hesabu.

Baadaye Bomani akawa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha, Mwafrika wa kwanza kushika wizara hiyo katika nchi yetu. Ni wakati wake, Juni 1965, ambapo nchi tatu za Afrika Mashariki zilitangaza kwamba kila moja itaunda benki kuu na sarafu yake, na mwaka uliofuata Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango. Kisha akawa Waziri wa Uchumi na Mipango ya Maendeleo. Kuanzia 1972 hadi 1983 alikuwa Balozi wetu nchini Marekani. Alifariki dunia mwaka 2005.

Haya ndiyo maisha yake kwa muhtasari, na muhtasari ni rahisi. Mwandishi yeyote mwenye nusu siku aweza kuuandika. Ugumu waanza pale tunapouliza: kwa nini? Na kwa vipi?

KARATASI ZINAVYOSEMA

Mtafiti atakaye kuyajua maisha ya mtu kama huyu hana budi kuanza na karatasi. Nyingi zimo Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako majalada ya utawala wa kikoloni yalikusanywa baada ya Uhuru. Nyingine zimo Mwanza, kwa kuwa sehemu zetu hizi zote zilikuwa chini ya Jimbo la Ziwa ambalo makao yake yalikuwa mji huo. Nyingine zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine Moshi, ambako chuo cha ushirika kilianzishwa mwaka 1963. Chama nacho kina kumbukumbu zake Dodoma. Tena kuna magazeti na vitabu vya wakati ule. Kwa mfano, ndugu Saadani Abdu Kandoro, aliyekuwa Mwanza katika harakati hizo hizo, alituachia kitabu chake Mwito wa Uhuru, kilichotoka mwaka 1961.

Karatasi ina sifa moja kubwa: haibadilishi maneno yake kwa kumwogopa mgeni wala kwa kumpendeza. Barua iliyoandikwa mwaka 1952 itasema leo kama ilivyosema siku ile. Hukosei tarehe, hukosei kiasi cha fedha, hukosei nani alitia sahihi.

Lakini karatasi ina kasoro yake, nayo ni kwamba ina mwenyewe. Jalada la Bwana Shauri lilijazwa na Bwana Shauri, kwa ajili ya mkubwa wake wa Jimbo, ambaye naye alimwandikia Gavana. Ndani ya jalada hilo mkulima ni "mwenyeji" asiye na jina, na kiongozi wa wakulima mara huitwa mtu wa busara, mara huitwa mchochezi, kwa kutegemea kama wiki ile amekubali au amekataa. Ayasomaye majalada hayo bila tahadhari atamwona Bomani kwa macho ya watu waliokuwa wakimpeleleza. Kadhalika vitabu vya hesabu vya ushirika vitamwambia mtafiti ni marobota mangapi yalitoka kinuni. Havitamwambia kwamba mama fulani alilala njiani na mzigo wake kwa sababu ghala lilifungwa mapema.

NDIMI ZA WAZEE

Ndiyo maana karatasi zahitaji ndimi za watu. Mwanazuoni wa Kimarekani, Andrew Maguire, alifika Usukuma katika miaka ya 1960, miaka michache tu baada ya Uhuru. Alisoma majalada, lakini pia aliwaendea viongozi, makarani, watemi na wakulima akawauliza. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1969 hadi leo ni mlango ambao kila mwenye kutaka kuijua siasa ya ushirika wa Ziwa huupitia. Baadaye mtafiti huyo akaingia katika Bunge la Marekani, kuanzia 1975 hadi 1981, wakati Bomani alipokuwa Balozi Washington. Hivyo mwandishi na mtu aliyemwandika walikutana kuwa wakazi wa mji mmoja, mbali sana na mashamba ya pamba yaliyowaunganisha.

Huku kwetu Serengeti nako hatukukosa mfano. Bi Jan Bender Shetler, mwanahistoria, aliketi na wazee wa Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Waikizu, akakusanya habari zao. Na mwaka 2003 alitoa mkusanyo wa historia zilizoandikwa na watu wa hapa wenyewe. Mfano mkubwa zaidi ni ule wa mwaka 2020, ambapo Profesa Issa Shivji, Profesa Saida Yahya-Othman na Dakta Ng'wanza Kamata walitoa juzuu tatu za maisha ya Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyesoma historia na uchumi huko Edinburgh. Kazi yao ilisimama juu ya miguu miwili: nyaraka walizozichambua, na mahojiano na watu waliofanya kazi na Mwalimu. Mguu mmoja ukikatwa, kazi yaanguka.

Wapo wasomi wanaodharau habari za mdomo, wakisema mzee husahau na husifia ukoo wake. Ni kweli kwamba husahau. Lakini sisi tuliopitia chuoni kabla ya kwenda shule ya Serikali tulifundishwa zamani dawa ya ugonjwa huo. Maulamaa wa hadithi hawakuipokea habari kwa kuwa ni tamu, wala hawakuitupa kwa kuwa ni ya mdomo. Waliuliza: umeipokea kwa nani? Naye aliipokea kwa nani? Alikuwapo? Alikuwa na umri gani? Alijulikana kwa ukweli? Mtafiti wa uchumi aweza kuuliza maswali hayo hayo mbele ya mzee wa Busawe au wa Nansio. Je, mizani hiyo uliiona wewe, au ulisimuliwa na baba? Karani unayemtaja ulimjua kwa sura? Mwaka huo ulikuwa kabla ya Uhuru au baada yake?

Tena katika sura ya Albakara tumefundishwa kwamba deni liandikwe, na juu ya maandishi hayo wawekwe mashahidi. Hekima ya agizo hilo haikuhusu deni la mtu na mtu peke yake. Maandishi na shahidi hulindana: karatasi humzuia shahidi asiongeze, na shahidi huizuia karatasi isifiche.

MFANO WA MWAKA 1965

Tutoe mfano ili msomaji aone faida ya njia hii. Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Katika uchaguzi huo Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba, alishindwa hapo hapo Mwanza. Rais Nyerere alimteua aingie Bungeni kwa njia nyingine, akampa Wizara ya Uchumi na Mipango.

Karatasi zatuambia kwamba alishindwa. Orodha ya kura haisemi sababu. Je, wapiga kura walimkataa yeye, au waliyakataa makato yaliyokuwa yakikatwa katika fedha ya pamba? Je, walimwona amekuwa mtu wa Dar es Salaam? Au walimpenda tu mpinzani wake zaidi, kama ilivyo haki ya kila mpiga kura? Maswali haya hayajibiwi na jalada. Yajibiwa na mzee aliyesimama kwenye mstari siku ile, na ambaye leo, kama yu hai, amepita umri wa miaka themanini. Baada ya miaka michache hatutakuwa na wa kumwuliza.

Tazama pia kilichofuata. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuuchunguza ushirika na mabaraza ya mazao nchi nzima. Kamati hiyo iliona kwamba vyama vilipanuliwa upesi kuliko idadi ya makarani wenye ujuzi. Kwamba wanachama wengi hawakujua haki zao. Kwamba palikuwa na wizi, na palikuwa na wanasiasa wanaoingiza mikono isipohusika. Shirikisho la Victoria likawekwa chini ya uangalizi wa Serikali, na mwaka 1967 mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Nyanza.

Hapa mwandishi wa maisha ya Bomani hupata mtihani. Je, mbegu ya ugonjwa ilikuwamo tangu mwanzo, katika chama kilichokua haraka? Au ugonjwa uliingia baada ya viongozi wa kwanza kuitwa Serikalini, wakawaacha wakulima na makarani wasiowajua? Mwenye kumpenda Bomani atachagua jibu la pili. Asiyempenda atachagua la kwanza. Mtafiti mwaminifu hachagui. Atazichukua daftari za chama kimoja cha msingi, mwaka baada ya mwaka, kisha ataketi na wanachama wa chama hicho hicho, aone ni msimu gani mkulima alianza kulalamika na ni msimu gani hesabu zilianza kupindika. Kazi hiyo yaweza kufanyika tu kama daftari zipo.

DAFTARI ZIMEKWENDA WAPI?

Nasi twasema bila kuficha: nyingi hazipo. Mwaka 1974 watu wa Mara walihamishwa kuingia vijiji vya maendeleo, na katika kuhama vitu vingi vilipotea. Mwaka 1975 ilipitishwa sheria ya vijiji, na Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchini kote, kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Mali zinazoonekana kwa macho, kama malori, vinu na maghala, zilihesabiwa. Vitabu vya wanachama, vyenye majina na hisa zao, havikuwa na mtu wa kuvilia. Ushirika uliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, mahali pengi ulianza kama mtoto yatima, asiyejua jina la babu yake.

Sisi ni wana wa Chama, na hatuoni aibu kuyasema haya, maana Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani, katika miaka ya 1980, kwamba kuvunja vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Kiongozi aliyekiri kosa ametupa ruhusa ya kulichunguza. Lakini kulichunguza kosa bila karatasi ni kupiga soga, na kulichunguza bila kuwasikiliza waliolipa gharama yake ni kuwadhulumu mara ya pili.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Leo Serikali yawataka wakulima wa pamba, tumbaku, kahawa na dengu wauze kupitia vyama vyao vya msingi. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Maafisa huja vijijini na vipeperushi vizuri. Lakini wanapofika Busawe hukuta swali la yule mzee likiwangojea mlangoni, na wanapovuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe hukuta swali lilo hilo. Mwananchi wa Murutunguru, ambako kinu cha pamba kilipata kusimama kama fahari ya kisiwa, hakatai ushirika kwa ukaidi. Anataka kwanza kujua cha jana kilikwendaje. Afisa asiyeijua historia atamjibu kwa hotuba; afisa aijuaye atamjibu kwa hesabu, na mkulima huamini hesabu.

LA KUFANYA

Kwa hiyo twatoa ushauri wetu kwa unyenyekevu, tukijua kwamba fedha ni haba na kazi ni nyingi.

Kwanza, kwa watumishi wa Serikali. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Sheria hiyo hairuhusu mtu kuchoma au kutupa jalada la umma kwa kuwa tu limejaza vumbi au kwa kuwa kabati latakiwa kwa ajili ya mkubwa mpya. Kila ofisi ya wilaya, kuanzia Mugumu na Tarime hadi Nansio, ifungue maghala yake, iorodheshe yaliyomo, na iwaite wataalamu wa nyaraka kabla ya kuwaita wachukuzi wa takataka.

Pili, kwa viongozi wa vyama vya ushirika. Daftari la zamani lenye majina ya wanachama ni mali ya wanachama. Lihifadhiwe mahali pakavu, juu ya rafu, si sakafuni. Likiwezekana lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Siku hizi hata simu ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo.

Tatu, kwa walimu. Wanafunzi wa sekondari wapewe kazi ya kumhoji babu au bibi mmoja kila mmoja: alilima nini, aliuza wapi, alipimiwa na nani, alilipwa lini. Majibu yaandikwe kwa jina la msemaji, tarehe na kijiji, na yasomwe mbele yake ayathibitishe. Shule ikifanya hivyo kwa miaka mitatu itakuwa na hazina kubwa. Wala wasiwaulize wazee wanaume tu. Pamba ilipandwa, ikapaliliwa na ikachumwa kwa mikono ya akina mama zaidi, ilhali stakabadhi iliandikwa jina la mume. Ndani ya majalada mama huyo hayumo. Ndani ya kumbukumbu zake mwenyewe yumo.

Nne, kwa ndugu zetu wa visiwani. Msingoje mtafiti kutoka mbali. Maji yaliyowazunguka yamewalinda na mengi, lakini hayalindi karatasi. Unyevu wa ziwa huila upesi kuliko mchwa wa bara. Mwenye sanduku la marehemu baba yake na alifungue leo, akaushe yaliyomo, na aitishe wazee waliobaki wamsaidie kuyasoma.

Tano, kwa vijana watakaoandika. Msiandike maisha ya Bomani, wala ya mchumi mwingine yeyote, kama maulidi ya kumsifu mtu, wala kama hati ya mashtaka. Pimeni kwa mizani ya haki, kama ile waliyoidai wakulima wenyewe. Upande mmoja wekeni karatasi, upande mwingine ushahidi wa watu. Na mizani ikiinama, semeni imeinamia wapi.

Kabla hatujaondoka Busawe tuliziandika tena stakabadhi za yule mzee, moja baada ya nyingine, kwa kalamu mpya katika daftari jipya, yeye akitusomea tarakimu ambazo macho yetu yalishindwa kuzitambua. Kwa moja alisita. "Hii sikumbuki," akasema, "tuiache wazi." Tukaiacha wazi. Kuhusu hisa ya baba yake hatukuwa na jibu, na hatukujidai kuwa nalo. Tulimwahidi kwamba swali lake tutalifikisha kwa wahusika wilayani, na kwamba tutaliandika gazetini ili lisipotee pamoja na kisanduku chake. Ahadi ya kwanza tumeitimiza. Ya pili ndiyo hii.